Mtungi wa Cucu Waithira

Everlyne, leo nusura nichomwe!! Nakwambia nusura nichomwe!

Si unamjua yule bi kizee anaishi peke yake Kawangware 56, cucu Waithira, mwenye huwa naenda kumsaidia? Nimetoka kwake na mtungi wa gesi nikaujaze. Jirani mpya akapiga nduru: "Mwizi!"

Mwizi! Mimi!

Makofi. Mawe. Nikaanguka, jamaa akanikanyaga shingo, mwingine anaitisha petroli.

Petroli, Everlyne.

Halafu nikasikia, "Toa mguu kwa msichana wangu!" Alikuwa cucu.

Miezi hii yote nimembembeleza ajaribu kusimama bila fimbo, anakataa, ati ataanguka.

Leo amesimama wima, hajashika hata ukuta. Fimbo alikuwa ashaivunja kwa kichwa ya huyo jamaa.