Picha ya Ubongo Yafika Ukweni Mtinko

Dada Zaituni, shikamoo.

Nipo ukweni Mtinko, upepo wa Singida unakausha hata mate. Miaka yote kibofu kikiniuma, wakwe walisema ni mawazo tu, nikachote maji. Juzi nikawaonyesha ile picha ya ubongo niliyopigwa huko kwenu Dar, daktari aone maumivu ya kibofu yanavyopita ubongoni. Wakaiinua juani, wakanong'ona, "Kumbe kichwa!" Tangu hapo kisu sipewi, ndoo sipewi, na majirani wananiletea kuku. Wazimu una heshima zake.

Leo mama mkwe akanivuta nyuma ya ghala. "Mwanangu, hata mimi chini ya kitovu panawaka tangu usichana. Hiyo mashine ya picha inapokea wazee?"

Wabusu wanao. Tandika kitanda cha pili, nakuja naye.

Mdogo wako,
Mwajuma