Chombo cha Maua cha Mama

Ponce, 19 Julai

Mdogo wangu mpendwa Nereida,

Natumaini barua hii inakukuta huko Orlando ukiwa mzima, na goti limeacha kukusumbua. Mimi ni mzima, nimeungua na jua, na nina kazi.

Usicheke. Kwa miaka yangu sitini na mitatu, nafanya mafunzo ya kiangazi katika kituo cha kuchunguza mbu. Msimamizi wangu, Yadiel, ana miaka ishirini na mitano. Asubuhi tunakusanya mitego katika nyua za watu. Mchana naketi kwenye hadubini kutenganisha mbu. Yule anayeeneza homa ya dengi ana mchoro mweupe wa kinubi mgongoni. Wiki ya kwanza nilikosea wanne. Tangu hapo sijakosea hata mmoja.

Mtego uliojaa kuliko yote ulikuwa kwa Wilfredo, anayepakana na makaburi. Nilimfundisha, unamkumbuka. Mwezi Juni bintiye alilazwa kwa dengi. Nilipoona pipa lake la maji, nilimkaripia mbele ya majirani kwamba ndiye aliyemfanya mtoto wake mwenyewe augue. Akanijibu, "Mwalimu, darasa la nne ulinifelisha insha, leo unanifelisha pipa! Maji yakikatika nioge mate?" Majirani wakacheka. Hata hivyo alilimwaga.

Wiki iliyofuata mbu walizidi. Yadiel akasema tuangalie ng'ambo ya ukuta. Tulikagua vyombo vya maua kaburi kwa kaburi. Karibu vyote vilikuwa vikavu, vina maua ya plastiki. Kimoja kilijaa maji na viluwiluwi.

Nereida, kilikuwa cha Mama. Ulinitaka niape kwamba hatawekewa plastiki kamwe, nami kila Jumapili nimeongeza maji juu ya maji. Nilivilea viluwiluwi vile kituoni hadi vikawa mbu, nikawatazama mwenyewe: kinubi. Yadiel aliniambia naweza kutoandika jina la mwenye chombo kwenye ripoti. Niliandika langu.

Jana nilikiri mbele ya Wilfredo, majirani wale wale wakisikia. Aliniuliza nimejipa alama ngapi. Nilisema sifuri. "Basi ingia unywe kahawa, Mwalimu. Nilidhani sifuri ni zangu peke yangu."

Chombo cha Mama nimekijaza mchanga uliolowa, mbu hawana pa kutagia. Maua ni halisi, na yanasimama wima. Sikuombi ruhusa, kwa sababu nimekwisha kufanya. Nakuomba tu usinikasirikie.

Binti wa Wilfredo amepona, anakimbia uani. Wasalimie shemeji na watoto. Ukija Desemba, usiende makaburini na chupa ya maji.

Dada yako,
Iraida