Kaka, Nimejifunza Kuendesha Baiskeli

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto. Mguu unaendeleaje? Uliniambia kwamba baridi ya huko ikizidi unakuuma kuanzia gotini hadi kwenye kifundo, na kwamba kazini wamekupa kiti. Nilifurahi kusikia habari ya kiti. Usione haya kukikalia.

Sisi huku tu wazima. Mama macho yanamsumbua, lakini bado anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe, akikosa mara tatu anajaribu ya nne, na ole wake atakayenyoosha mkono kumsaidia. Mimi bado niko kwenye karakana ya mapazia, mwaka wa kumi na tisa sasa, cherehani ileile ya karibu na dirisha.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Usishtuke, hakuna msiba. Ninalotaka kukuambia ni refu, na kwenye simu ningelia kabla sijafika katikati, nawe ungesema "basi, basi" kama kawaida yako, tukaishia kuulizana habari za mvua.

Kaka, nimenunua baiskeli.

Nimeandika hilo neno nikaweka kalamu chini, nikaenda jikoni kunywa maji. Naomba usiikunje karatasi. Nisome hadi mwisho, halafu unikasirikie ukitaka.

Ilianza mwaka jana, kliniki. Nilikuwa nikiamka na kichwa kizito, na jioni miguu imevimba hata viatu haviingii. Muuguzi alinipima presha, akapima tena, kisha akavua miwani. Akaniuliza, "Dada, kwa siku unakaa kitako saa ngapi?" Nikamwambia saa kumi, na mwezi wa harusi hata zaidi. Akasema dawa nitapewa, ila dawa peke yake haitanifikisha mbali, lazima mwili ufanye kazi. Ukumbi wa mazoezi wa huku mtaani ada yake ni kodi ya nyumba ya mtu. Nikajaribu kutembea. Wiki ya pili nikachoka, si miguu, nilichoka kusikiliza mawazo yangu mwenyewe.

Siku niliyorudi kuchukua dawa nilimkuta muuguzi yuleyule nje, anafungua mnyororo wa baiskeli yake kwenye nguzo. Ana miaka hamsini na tatu. Alipanda akaenda zake, mgongo umenyooka, kama mtu asiyedaiwa lolote na dunia. Nilisimama pale nikimtazama hadi akapotea. Kwetu, unajua mwenyewe, baiskeli haikutajwa tangu nina miaka sita. Hata kwenye televisheni ikipita, Mama alikuwa anainuka kwenda kuangalia sufuria.

Nilikaa na wazo hilo miezi miwili. Kisha nikapiga moyo konde nikaenda kwa fundi baiskeli wa nyuma ya shule. Watu wanamwita Spoki. Jina lake halisi silijui, na nadhani hata yeye amelisahau. Nilimwambia ukweli: fedha sina, na kuendesha sijui. Akacheka, akasema, "Mama, wenye fedha na wanaojua hawaji kwangu." Ndipo tukaanza kuiunda. Mwezi huu nililipia fremu, mwezi uliofuata gurudumu la mbele, baadaye la nyuma, ambalo lilitoka kwenye baiskeli nyingine na ni jeusi wakati lile jingine ni la rangi ya fedha. Baiskeli yangu iliota polepole kama mtoto anavyoota meno. Kiti nilikishonea kifuniko kwa vipande vya pazia la zambarau, na mfuko wa kwenye keria nikaushona kwa kitambaa kizito cha mapazia ya ofisini. Suruali naibana kwa ule mpira tunaotia kwenye mapazia ya bafuni.

Kwa kitu kimoja tu Spoki alikataa nibane matumizi. Nilimwomba anitafutie breki zilizotumika. Akaacha kazi, akanitazama. "Rangi unaweza kupaka kwa masizi, mimi sitasema neno. Breki utanunua mpya, au hutoki hapa na chombo changu." Nikanunua mpya. Tulisubiri mwezi mzima wa ziada kwa ajili yake.

Kujifunza kulikuwa kazi, Kaka. Mtu wa miaka arobaini na sita, na mwili huu! Muuguzi alijitolea kunishikia kiti kila Jumapili asubuhi kwenye uwanja wa shule, anakimbia nyuma yangu anahema, ananifokea, "Tazama mbele! Usitazame gurudumu, halitakimbia!" Nilianguka mara nyingi hadi nikaacha kuhesabu. Jumapili ya tano nikamwita anijibu, nikasikia sauti yake iko mbali, upande wa pili wa uwanja. Alikuwa ameshaniachia zamani. Nilizunguka uwanja mzima peke yangu. Niliposhuka nilijikuta nalia, na jina lililonitoka mdomoni lilikuwa la Baba.

Mama hakujua. Miezi mitano niliiacha baiskeli kwa Spoki, na nikitoka Jumamosi au Jumapili nilisema nakwenda kumsaidia mwenzangu kushona. Unanijua, uongo haunikai. Nilikuwa nikirudi nimechomwa na jua, natoka jasho, na Mama ananitazama bila kuuliza.

Sasa nafika kwenye lenyewe. Ukitoka huku kwenda bwawani, ninakoendesha Jumamosi, njia nzuri ni moja tu, na inapita kwenye ule mteremko.

Mara ya kwanza nilishuka, nikaikokota baiskeli hadi chini kwenye njia panda, mpaka pale lori la mchanga lilipowakuta wewe na Baba. Sasa kuna taa za barabarani na duka la vioo. Nilisimama kidogo, nikaendelea. Mara ya pili pia niliikokota. Mara ya tatu nilipanda.

Kaka, nataka unisikilize vizuri hapa. Jioni ile kabla hujasafiri, miaka ishirini iliyopita, pale kituo cha basi, uliniambia jambo na ukaniapisha nisimwambie mtu. Uliniambia kwamba siku ile ulipokuwa umekaa kwenye keria, ulikuwa unampiga Baba mgongoni na kumwambia, "Kimbiza! Kimbiza, Baba!" naye akakimbiza. Ulisema umemuua Baba kwa mdomo wako. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, sikujua la kukujibu. Nilikushika mkono tu, basi likaondoka.

Leo ninalo la kukujibu, kwa sababu nimeushuka mteremko ule kwa mikono na miguu yangu. Sikukanyaga pedali hata mara moja. Baiskeli inajikimbiza yenyewe pale, Kaka. Kabla hujafika nusu, upepo umekujaa masikioni husikii lolote. Kama mtu angekuwa nyuma yangu anapiga kelele nisingemsikia. Kilichonifikisha chini salama ni breki, na nilizibana hadi vidole vikafa ganzi. Hakuna mtoto anayeweza kuongeza wala kupunguza mwendo wa mteremko ule kwa maneno.

Nilitaka kukupigia siku ileile. Nikashindwa.

Wiki mbili baadaye Spoki alifiwa na dada yake, akafunga karakana, na mimi sikuwa na pa kuiweka baiskeli. Nikaileta nyumbani. Mama alikuwa barazani anakunja nguo. Alinitazama naisukuma kupita getini, kitambaa kimemkaa mkononi, hakukunja, hakuweka chini. Nikamwamkia. Hakuitika. Niliiegemeza ndani ya stoo. Kwa siku tatu chakula alinipakulia, akakiweka mezani, akaenda kula chumbani kwake.

Siku ya nne nilirudi kutoka kazini mapema, nikaukuta mlango wa stoo uko wazi. Mama amechuchumaa kando ya baiskeli, anabana breki kwa mikono miwili, anaachia, anabana tena.

"Zinashika?" akaniuliza bila kugeuka.

"Zinashika, Mama. Ni mpya."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Umezijaribu kwenye ule mteremko?"

Nikamwambia ukweli. Akaitafuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Nilidhani ataniambia nimtolee chuma kile nyumbani kwake. Badala yake alianza kusema, taratibu, akiwa anaitazama baiskeli na si mimi.

Alisema Baba alinunua raba za breki Ijumaa. Jumatatu asubuhi alikuwa ameshaigeuza baiskeli juu chini pale uani, spana mkononi. "Nikamwambia aache. Nikamwambia mtoto atachelewa mtihani, utazibadilisha jioni ukitoka kazini ghalani. Akasema breki ya nyuma imekwisha kabisa. Nikamjibu, mbona jana uliendesha na hukufa?"

Alirudia maneno hayo mara mbili. Kisha akaenda chumbani kwake, akarudi na lile kopo la vifungo ambalo tulikatazwa kulichezea. Chini kabisa, chini ya vifungo vyote, kulikuwa na vipande viwili vya mpira mweusi vimefungwa kwenye karatasi ya dukani. Hospitali walimrudishia koti la Baba, akavikuta mfukoni. Miaka arobaini amekaa navyo.

Nisamehe, Kaka. Nilitoboa siri yako palepale. Sikuweza kumwona amebeba mzigo ule peke yake nami najua na wewe umejitwisha huohuo huko uliko. Nikamwambia ulichoniambia kituoni.

Alinisikiliza mdomo wazi. "Nani alimwambia hivyo?"

"Hakuna, Mama. Amejiambia mwenyewe."

Hakuwahi kulia mbele yangu, hata kwenye mazishi, unakumbuka. Siku ile alilia bila sauti, amejishika magoti. Alipopata pumzi akasema, "Na mimi nilidhani haji nyumbani kwa sababu alisikia. Alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake wa shule wakati namwambia baba yake yale maneno. Nilidhani amenihukumu, na nikaona ana haki."

Kaka, uliyasikia? Mimi sidhani. Katika yote uliyonieleza kituoni hukulitaja hilo. Nadhani ulikuwa unafikiria mtihani. Miaka kumi na mmoja hujaja, na ukipiga simu unaniomba mimi nimsalimie, na yeye akikaribia simu anasema mikono ina sabuni. Wote wawili mmekuwa mkikimbiana, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayejua kosa lake.

Sikuandikii ili useme umepona. Najua maneno hayafuti kitu cha namna hiyo kwa siku moja. Mama mwenyewe hajaipenda baiskeli. Kila Jumamosi kabla sijatoka anakuja stoo, anabana breki ya mbele, anabana ya nyuma, ananiambia niende. Nikirudi namkuta barazani, na ninajua tangu nilipoondoka hakuinuka. Nilimwambia kama inamtesa nitaiuza. Akasema, "Ukiuza utarudi kukaa kitako uvimbe miguu, nikuzike na wewe?" Basi naendesha. Presha imeshuka, muuguzi amenipunguzia dawa, na viatu vyangu vya zamani vinanitosha tena.

Habari nyingine ni chache. Baba mdogo ameshastaafu, kazi yake sasa ni kugombana na redio. Binti ya shangazi amejifungua mtoto wa kike, mzima kabisa, na kelele zake tunazisikia huku. Msimamizi wetu kazini amekubali niegemeze baiskeli kwenye ukumbi wa kukatia vitambaa, mradi isiguse mapazia ya watu.

Nisalimie sana wifi, mwambie kitambaa alichoniagiza nimeshakipata. Wabusu watoto, uwaambie shangazi yao ana baiskeli ya magurudumu ya rangi mbili na hana aibu. Baba mdogo, shangazi na jirani yetu mshona viatu wote wanakusalimu.

Mungu akulaze salama na akuamshe na moyo mwepesi kuliko ulivyolala. Mimi ni yuleyule kitindamimba wenu aliyekushika mkono kituoni, nami sijakuachia.

Mdogo wako.

Nimemsomea Mama barua yote. Ameniomba kalamu. Hapa chini ni mwandiko wake mwenyewe, uupokee hivyohivyo ulivyo.

Mwanangu, ulikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa na thelathini na mmoja.

Mama yako.