Hedifoni za Fadhila

Dubai,
mwezi wa tatu, 2007

Kaka Issa,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kwa sababu mama alinilea hivyo, na kwa sababu nikianza na mengine sitarudi tena kwenye salamu. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Nachingwea, wewe na wifi na watoto, na kwamba miguu ya mama imepungua kuvimba. Ufuta wa shamba la Mkotokuyana umeshika? Mvua zimewatosha, au ndiyo yale ya kupanda mara mbili? Mimi nakula, nalala, naenda kazini. Kuna sehemu moja tu ya mwili wangu isiyo nzima, na hiyo ndiyo iliyonikalisha chini kuandika.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu, na siku hizi mna mnara. Sikupiga kwa sababu kwenye simu wewe hukatiza. Ukisikia jambo usilolipenda unasema mtandao mbovu, kisha unakata. Barua utaisoma mpaka mwisho, hata kama ni kwa sababu tu inakuja na kifurushi. Anayekuletea ni mama mmoja wa Ruangwa aliyekuja huku kununua vitenge, na amekubali kupita kwako kabla ya kwenda kwake.

Barua yako niliipata, nikaisoma kwa furaha mpaka karibu na mwisho. Uliniandikia kwamba binti yako Fadhila anaimba kaswida madrasa, na shuleni ndiye anayewaanzishia wenzake nyimbo, na watu wanamsimamisha njiani kumwambia ana sauti ya shangazi yake. Ukaniomba nimtumie hedifoni ndogo za kuchomeka masikioni, kama zile ninazoimbia, ajifunzie nyimbo kwenye redio kaseti. Ukauliza zipi bora, za tayari au za kupimwa sikio, maana nilikusimulia kwamba hotelini kwetu wanataka kutupima. Ukasema kama za kupimwa ndizo bora, basi mtoto apate hizo hizo, asivae vitu vya hovyo. Ukanitaka na nije Idi, nikae mbele kwenye shughuli yake ya kuhitimu madrasa, shangazi mtu. Yote hayo yalinifurahisha, kaka.

Halafu chini kabisa ukaongeza mistari miwili. Wa kwanza: "Pole na lile sikio lako la utotoni, natumaini halikusumbui." Wa pili: "Fadhila ni mkaidi kidogo, lakini namnyoosha."

Mistari hiyo miwili nimeisoma mara nyingi kuliko barua nzima. Nitakujibu swali lako la hedifoni kwa ukamilifu, na ukifika mwisho utaona na hiyo mistari nimeijibu.

Sisi jukwaani tulikuwa tunajisikia kupitia spika kubwa zinazowekwa chini, zikitutazama sisi badala ya watu. Wageni wa hoteli wakalalamika kwamba kelele zinawaharibia chakula. Meneja akaamua spika ziondoke, kila mmoja ajisikie kwa hedifoni za masikioni. Ziko za aina mbili. Za tayari zinakuja kwenye kiboksi pamoja na vipira vya ukubwa mbalimbali, unachagua kinachokutosha, na ukiondoka mwingine anazifuta anazivaa. Za kupimwa ni kama nguo ya fundi. Wanakumiminia dawa laini sikioni, ikiganda wanaichomoa, na kwa umbo hilo wanatengeneza ganda gumu linaloingia kwenye sikio lako wewe tu. Mtu mwingine hata akilipata hana la kulifanyia.

Bendi nzima ilibishana. Kiongozi wetu, Mkongo mpiga gitaa tunayemwita Papaa, alishikilia za tayari.

"Ya tayari ikiharibika unaokota ingine," alisema. "Ya kupimwa ikipotea utaimba na nini, mama?"

Side, mpiga dramu wetu, mtoto wa Temeke, akamrukia.

"Papaa, we unapiga gitaa umetulia kama uko msibani. Mimi huku jasho linanimwagika, hizo za tayari zinachomoka kila saa. Waniletee za kupimwa bwana, tusizinguane."

Mimi nilikuwa upande wa Side. Mwimbaji akifungua mdomo taya linasogea, na taya likisogea tundu la sikio nalo linabadilika. Chomeka kidole sikioni upige mwayo, utanielewa. Za tayari zikilegea hata kidogo besi yote inatoroka, muziki unabaki mwembamba kama redio iliyofunikwa na sufuria. Basi unaongeza sauti, unaongeza tena, na ukimaliza kazi masikio yanakulilia mpaka unapata usingizi. Za kupimwa zinaziba vizuri, kwa hiyo unasikia kila kitu kwa sauti ya chini. Jibu la swali lako ni hilo: kwa mtu anayeimba, za kupimwa ndizo bora, wala hakuna ubishi. Ila lazima uwe na masikio yanayopimika.

Meneja aliamua mwimbaji wa mbele na mpiga dramu ndio wapimwe, wengine wavae za tayari. Na mwimbaji wa mbele ni mimi, kaka. Sijui kama huko nyumbani mnaelewa maana yake. Nyimbo nyingi tunazopiga nimezitunga mimi, na picha yangu ilikuwa mlangoni pa ukumbi, ukiingia unakutana nayo. Nilikwenda kupimwa nimejipamba kama ninayekwenda kuposwa.

Aliyetupima ni mama mmoja wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu mno. Alianza na Side. Akamng'atisha kipande cha plastiki ili mdomo ubaki wazi, akaingiza kisponji chenye uzi, akammiminia. Side akatoa macho, na alipochomolewa akasema, "Dada'ngu, humo ndani unasikia mpaka damu yako inavyotembea." Tukacheka wote watatu.

Nikakaa mimi. Sikio la kulia likaenda salama. Ile dawa ni ya baridi, inaingia polepole, na dunia ya upande ule inafungwa. Akaniambia niimbe kidogo huku nimeng'ata plastiki, nikaimba. Alipoichomoa ilikuwa ya rangi ya waridi, ina kila kona ya ndani ya sikio langu. Akaisifu. Akahamia kushoto, akawasha kitaa chake, akainama, akakaa hivyo muda mrefu.

"Mwanangu, hapa pana tundu," akasema. "Kiwambo cha sikio kimetoboka."

"Niliugua utotoni," nikamjibu. Lilinitoka bila kufikiri, kama tunavyojibu sote nyumbani.

"Uliugua vipi? Lilikuwa likitoa usaha tangu mdogo?"

"Hapana. Lilitoa damu."

"Ghafla?"

"Ghafla."

Akazima kitaa, akavuta kiti akakaa mbele yangu. "Nani alokupiga?"

Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia ni kaka yangu, nikaanza kulia mbele ya Side, tena kilio cha makamasi.

Na wewe nakukumbusha, kwa kuwa inaelekea umesahau, au umejisahaulisha. Ilikuwa alasiri ya Idi pili. Bendi ya Dar ilikuja kupiga ukumbini Nachingwea. Baba alikuwa amekwisha kufa, tumehama Malolo tunakaa kwako. Mwimbaji wa bendi aliuliza nani anaweza kuimba naye, wenzangu wakanisukuma. Niliimba ubeti mmoja. Watu walipiga makofi, kaka, walipiga makofi kweli, na mimi nikafunga macho kwa raha. Ndiyo maana sikukuona ukija.

"Unatuaibisha mbele ya walevi!" ulisema, na kibao kikafuata, kiganja kizima, hapa sikioni. Sikuanguka. Nilisikia kitu kama chupa inazibuliwa, kisha upande ule ukanyamaza. Mtu mmoja alikushika mkono akakuuliza, "Bwana Issa, vipi tena?" Ukamjibu, "Ni mdogo wangu, namnyoosha." Neno hilo hilo. Halikubadilika hata herufi, na sasa unaliandikia binti yako.

Nyumbani mama alinimiminia mafuta ya ufuta ya uvuguvugu. Aliniambia, "Watu wakiuliza, useme uliugua. Kaka yako ndiye baba yenu sasa, tukimvunjia heshima tutakwenda wapi?" Simlaumu mama, alikuwa mjane mwenye hofu. Nilisema niliugua. Nilisema shuleni, nilisema Dar, nilisema huku, mpaka nikawa naamini. Miaka yote nimekuwa nikichagua kiti ili watu wakae kulia kwangu, na nikifikiri ndivyo nilivyoumbwa.

Yule mama wa Kiomani alikataa kulipima sikio la kushoto. Alisema ile dawa ingepita tunduni ikagandia ndani, na kuitoa ingebidi nipasuliwe. Akamwita daktari wa chumba cha pili, naye akasema vivyo hivyo. Upasuaji wa kuziba tundu upo, lakini ni kusubiri zamu, kisha kukaa kimya muda mrefu bila kuimba, na hoteli haina subira hiyo. Nikamwomba anitengenezee la kulia peke yake. Akanieleza taratibu kwamba sikio moja likibeba kazi ya mawili nalo litaharibika.

Meneja hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinisikiliza, akanipa pole, akaleta msichana wa Manila mwenye masikio mazima. Sasa anasimama yeye mbele. Picha yangu wameiondoa mlangoni, imebaki misumari. Mimi niko nyuma karibu na dramu, naitikia, nimevaa za tayari, na ile ya kushoto naibandika na plasta isidondoke. Juzi tukiwa mazoezini Side aliniambia, "Dada'ngu, hii si haki. Nyimbo zako, halafu unaziitikia?" Nikamwambia ndiyo, naziitikia. Na mkataba ukiisha hata huko nyuma sina uhakika.

Nina hasira, kaka. Sitaki uniambie ni ya zamani, kwangu ni ya juzi. Kila Idi nimekutumia zawadi na salamu, na wewe unanipa pole ya sikio ulilolitoboa kwa mkono wako, tena unaita la utotoni. Ungeniandikia mara moja tu, "Mdogo wangu, nilikukosea," ningekuwa naandika barua nyingine leo.

Kwenye kifurushi kuna vitu vitatu. Cha kwanza kimefungwa kwenye pamba, cha rangi ya waridi. Hilo ndilo umbo la sikio langu la kulia. Yule mama aliyetupima alinipa nikae nalo, maana halikuwa na mwenzake wa kutengenezwa naye. Nakupa wewe. Liweke kwenye kabati la sebuleni, pale penye vikombe vya wageni. Mgeni akiuliza ni kitu gani, mweleze, na akiuliza kwa nini liko moja, mweleze na hilo.

Cha pili ni hedifoni za Fadhila. Ni za tayari. Za kupimwa haziwezi kutumwa, zinamtaka mtu mwenyewe. Aanze na vipira vidogo kabisa, azisukume ndani kidogo huku akivuta sikio kwa juu, na asiweke sauti kubwa.

Cha tatu ni kaseti, Side alinisaidia kuirekodi. Nimemwimbia Fadhila. Kuna maneno yanayotoka kulia tu, na kuna maneno yanayotoka kushoto tu. Hayo ya kushoto mimi mwenyewe sikuweza kuyahakiki, Side ndiye aliyenisikilizia. Mpe mtoto asikilize peke yake, na wewe usimsikilizie.

Barua hii naomba Fadhila amsomee mama, yote, bila kuruka. Kiswahili changu kikimshinda mama, amweleze kwa Kimwera. Mwambie mama nampenda na sina kinyongo naye hata chembe. Msalimie wifi, mwambie vitenge viwili vya kijani vilivyofungia kifurushi ni vyake. Msalimie mjomba wetu wa Malolo, aliyekuwa akinipa miwa niimbe huku akipalilia na hakuona aibu yoyote. Msalimie na mwalimu wa madrasa, mwambie asiache kumsimamisha mtoto mbele.

Kuhusu kuja Idi. Kulia nimemwimbia Fadhila salamu tu. Kushoto nimemwimbia siku nitakayoshuka kwenye basi hapo Nachingwea. Sikuitaja popote kwenye barua hii na sitaitaja kwa simu. Aniandikie siku hiyo kwa mkono wake mwenyewe, mwandiko wake naujua. Akiipatia, nitakuja na nitakaa mbele kama ulivyonitaka. Asipoisikia kwa sikio lake la kushoto, kaka, hiyo siku itapita na hakuna atakayenipokea, na wewe utajua kwa nini.

Mdogo wako,
Somoe