Vibati Thelathini na Saba

Cheyo, Tabora
10 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Natumaini mmeamka salama huko Ulyankulu, na meno yamekupa nafuu. Mimi sijambo. Barua naipitisha kwa kondakta wa basi, maana kukupigia simu siku hizi ni kupiga kelele bure.

Jubilei ya parokia ni tarehe 28 Julai. Nitapiga vibrafoni tuliyoachiwa na padre, ile yenye vipande thelathini na saba vya chuma na feni ndogo chini zinazotetemesha sauti. Tatizo ni ngoma zetu. Wale vijana kumi na wawili wakianza, mimi naonekana kama napangusa meza. Mwalimu Damas wa kwaya anataka tusimamishe maikrofoni mbili juu ya vibrafoni. Wewe fundi redio unasemaje? Nataka unisikie, Baba, hata mara moja, kabla masikio hayajazimika kabisa.

Mwanao,
Kankindi

Ulyankulu
2 Julai 2024

Marahaba mwanangu.

Tupo, vumbi tu ndilo linatumaliza. Mama yako anakusalimu.

Maikrofoni? Achana nazo! Zitameza ngoma, zitameza kikohozi cha kila mzee, halafu spika ipige mluzi. Kondakta atakupa kopo la maziwa. Ndani kuna vibati thelathini na saba vya kengele nilivyovitoa kwenye saa mbovu za mezani, ukivigeuza vinakuwa maikrofoni, nyaya nimeshazilehemu. Gundisha kimoja chini ya kila kipande, karibu na tundu la kamba. Usiweke katikati, utaua mlio. Hivi havisikii hewa, vinasikia chuma tu.

Nimejaribu kimoja kimoja: bisibisi nimeing'ata, ncha yake nimeigusisha kwenye spika, nikakisikia kwa meno, sauti inapanda kwenye mifupa mpaka kichwani. Ndivyo ninavyotengeneza redio za watu sasa. Daktari anataka kuyang'oa haya ya mbele yaliyobaki. Yanauma, usaha haukauki, usingizi sina. Nimemwambia aende zake huko, haya ndiyo masikio yangu.

Nitakuja. Niwekee kiti ubavuni mwa spika, na wakicheka waache wacheke.

Baba yako

Ulyankulu
5 Agosti 2024

Mwanangu Kankindi, salamu nyingi.

Nisamehe niliondoka bila kuaga. Nilishindwa kukutazama usoni.

Niliona mikono yako ikienda, Mungu wangu, inavyokwenda! Bisibisi niliing'ata mpaka damu ikatoka. Ngoma zilinifikia kwa miguu na tumbo. Wewe, hata noti moja. Maikrofoni zile mbili nilidhani ni za kwaya. Vibati nilivijaribu mwenyewe na havikosei, kwa hiyo aliyeharibika ni mimi. Mifupa nayo imezimika. Redio za watu nimewarudishia. Moja ya Mzee Jilala nilikuwa nimeshaifungua, nimemrudishia hivyo hivyo kwenye mfuko.

Usilie. Ulipendeza.

Baba yako

Cheyo, Tabora
8 Septemba 2024

Baba yangu, shikamoo. Mama hajambo?

Mwezi mzima naanza barua hii naichana. Naomba uisome ukiwa umekaa.

Sikutumia vibati vyako. Mwalimu Damas alisema vitasikia chuma lakini ule mtetemo wa feni vitauacha, na ni kweli, mtetemo uko hewani. Lakini hiyo ni nusu ya ukweli. Niliona aibu, Baba. Wageni walikuwa wanatoka jimbo zima, na mimi niwaoneshe nyaya kutoka kwenye kopo la maziwa? Nikaweka maikrofoni. Ngoma zilipoanza spika ikapiga mluzi, fundi mitambo akazizima maikrofoni zote mbili hata kabla hujatoa bisibisi mfukoni. Hakuna mtu aliyenisikia siku ile. Hata mimi sikujisikia.

Nilikuona na bisibisi mdomoni, nikaendelea kupiga.

Wewe hujaharibika. Jana nimegundisha vyote, pale karibu na tundu la kamba. Vinalia, Baba, hata ngoma zikiwa ubavuni. Jumamosi nakuja na gari la parokia, na vibrafoni, na spika. Utang'ata bisibisi yako nami nitapiga mpaka uchoke.

Nisamehe.

Mwanao,
Kankindi

Ulyankulu
11 Septemba 2024

Marahaba mwanangu.

Mama yako hajambo. Mahindi tumeshapukuchua.

Barua yako imefika jana, Jumanne. Meno niling'oa Ijumaa. Yote, kwa mkupuo mmoja. Niliona ya nini niendelee kuteseka kwa kitu kisichofanya kazi.

Jana hiyo hiyo nilimwambia mama yako awashe redio. Nimeibana bisibisi kwa fizi, inateleza na vidonda vinachubuka. Nimeiweka kwenye paji la uso, nimeiweka nyuma ya sikio. Ni mngurumo tu, hujui kama ni mtu anaongea au ni kinu kinatwangwa. Mama yako ameinyang'anya mkononi mwangu ameificha.

Nilikasirika, sikufichi. Nilitoka nikaenda mpaka kisimani nikarudi. Nimekusamehe, wewe ni mwanangu, nitafanyaje? Lakini kopo lile nililiandaa wiki tatu, Kankindi. Ungeniuliza tu.

Jumamosi njoo. Mama yako atachinja kuku. Kile chombo kiache hukohuko.

Baba yako