Marashi ya Kinyozi

Kwa dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Sisi hatujambo, na watoto wanakula bila huruma. Wewe je, sukari inakusumbua? Yangu ilipanda, ikaniletea mambo ambayo kwenye simu siyawezi. Ningekata kwa aibu.

Dada, kwa miezi mingi nilikuwa namkwepa shemeji yako. Tendo la ndoa liligeuka maumivu. Nilikuwa mkavu, fangasi wakiondoka wanarudi, na hata hamu yenyewe sikuiona. Nikajiambia ni uchafu, nikawa najiosha kwa maji ya chumvi na sabuni ya dawa, nikazidi kuwaka. Ikifika saa ya kulala naketi kwenye cherehani, nashona hata nguo ambazo wenyewe hawana haraka nazo.

Yeye, maskini, akafikiri ananuka. Si unajua kinyozi anashinda kwenye nywele za watu na spiriti? Akaanza kujimwagia marashi, mpaka wateja wakamwuliza kama anaoa mke wa pili. Nami niliposikia marashi yale nikajua kapata mwanamke. Nikamvaa kwa maneno, wewe unanijua. Akaniambia, machozi yakimlengalenga, kwamba alijipaka kwa ajili yangu, huenda nikamkubali tena. Hapo nililia, nikamweleza kila kitu.

Tulikwenda kliniki pamoja. Muuguzi hakushangaa hata kidogo. Alisema sukari ikikaa juu inawalisha fangasi, na inaweza kudhoofisha mishipa mpaka mwili ukakauka na hamu ikapotea. Wanawake wengi yanawapata, wanaosema ni wachache. Akanikataza kujiosha kwa chumvi na sabuni, nikapewa dawa ya fangasi na kilainishi, na daktari akarekebisha dawa zangu za sukari. Hayajaisha yote, ila siku hizi tunalala tukicheka.

Sasa nisikilize. Wewe ulianza kuugua sukari kabla yangu. Ulipoachana na mumeo ulisema umemchoka tu, na ukoo mzima ukakuita jeuri. Mbele ya muuguzi yule nilikufikiria wewe. Kama nimekosea, nicheke unavyotaka. Kama sijakosea, basi hukuwa jeuri, dada yangu. Ulikuwa unaumia, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Njoo tukae, nitakusindikiza kliniki. Mama hatajua mpaka utake.

Wasalimie wote wanaoniulizia. Ninakungoja.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi wa nguo zako