Chumba Kimoja Kisichovuja

Saiti, barabara ya Manchira,
Mugumu.
Jumatano, mchana.

Kwako mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Pokea salamu zangu nikiwa mzima wa mwili, na naomba zikukute na wewe mzima, goti likiwa limekuachia unatembea bila fimbo. Kaka Simioni na mke wake hawajambo? Na yule ndama aliyezaliwa siku ile naondoka, ameshakuwa na nguvu? Mahindi yamefikia wapi huko Tarime? Huku mvua imetuchosha.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu zipo. Simu ya Simioni ukiipiga anaiweka sauti kubwa uani, mpaka wanaopita barabarani wanaitikia salamu. Haya ninayokuambia si ya uani. Vaa miwani yako usome mwenyewe, polepole, na usimpe mtu akusomee.

Mama, wewe hujawahi kufika hapa kwetu, ndiyo maana kila mara unaniuliza kama nimeshauzoea huu mtaa mpya wa nje ya mji. Sijauzoea. Watu wote wa hapa wanasema wanakaa saiti, yaani kwenye ujenzi, hata aliyemaliza nyumba yake akapaka na rangi. Alfajiri mageti yanafunguka, pikipiki zinaunguruma, wenye Probox wanapiga honi, na jua likishatoka vizuri humwoni mtu. Wamekwenda mjini wote, dukani, ofisini, gereji, sokoni. Watoto nao wamebebwa na gari la shule. Makufuli yananing'inia mageti yote mpaka giza liingie, ndipo wanarudi, wanafunga kwa ndani, wanapika, wanalala. Kwetu usipoona moshi kwa jirani unakwenda kuuliza kama kuna mgonjwa. Hapa nilikaa mwaka mzima bila kujua jina la mwanamke wa ukuta wa pili, namjua kwa nguo anazoanika. Na mimi mwenyewe ni wale wale. Cherehani yangu iko mjini, natoka na mume wangu Erasto asubuhi narudi naye jioni, na siku nikishinda nyumbani nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Huku ndiko tulikomleta baba mkwe, marehemu Mzee Mogesi. Unakumbuka alikuwa na kisukari na kile kidonda cha mguu, na safari za kutoka kijijini kwake Mbalibali kuja kusafishwa hospitali zilikuwa zinammaliza. Alikubali kuja kwa sharti moja, kwamba halali ndani ya nyumba ya mwanawe. Hilo unalijua kuliko mimi, maana ni wewe uliyenifundisha kwamba baba mkwe haingii panapolala mke wa mwanawe, na mimi simsogelei wala simtazami usoni. Kijijini ni rahisi, kila mtu ana nyumba yake na uwanja ni mpana. Sasa jaribu kuishi hivyo kwenye kiwanja ambacho ukipiga chafya jikoni, aliye getini anakupa pole. Erasto akamjengea baba yake kibanda cha mabanzi na bati kule nyuma karibu na ukuta. Majirani walidhani ni banda la kuku.

Mzee alikuwa mtu wa watu, mama. Mwanzoni alichukua fimbo yake akapita geti kwa geti akipiga hodi, akajibiwa na mbwa. Jioni akamwuliza Erasto ni ugonjwa gani uliowamaliza watu wa mtaa huu. Mimi nilikuwa namwekea chakula kwenye kigoda nje ya mlango wake, narudi nyuma. Kwa kuwa kwa mila hakuweza kunisemesha, alikuwa anamwambia mbwa wetu kwa sauti kwamba ugali wa leo umepikiwa watu wasio na meno, au kwamba mwenye nyumba hii akiamua kuunga mboga anajua. Mimi niko jikoni nimeziba mdomo nisicheke. Nilimpenda mzee yule, nisikufiche.

Siku ya msiba ule sikwenda mjini. Mzee aliamka na homa, hakugusa chakula, na Erasto akaniambia nibaki mpaka yeye arudi na gari la kumpeleka hospitali. Mchana mvua ikashuka, ile ya upepo. Jirani wa upande wa juu ameinua kiwanja chake kwa kifusi, kwa hiyo maji yote yakaja kwetu. Nikachungulia dirishani nikaona bati moja la kibanda limeng'oka na maji yameingia. Godoro limelowa, mzee amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu wenye kidonda uko ndani ya maji, anatetemeka mwili mzima.

Nikampigia Erasto, hapatikani. Nikampigia dereva wa Probox tunayopanda, akasema korongo la njia ya mjini limejaa na hakuna gari linalovuka. Basi nikatoka uani nikapiga yowe, lile la kwetu. Unajua kwetu mwanaume akisikia yowe akakaa tu, kesho yake atajieleza mbele ya watu. Hapa nilipiga mpaka sauti ikakauka, na geti hata moja halikufunguka.

Mama, sasa nisikilize. Niliingia kibandani, nikamgeuzia mgongo, nikasema baba nisamehe, nikambeba. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Sebule yetu ilikuwa inavuja, na chumba cha watoto hakina dari wala kioo dirishani. Nyumba nzima ina chumba kimoja kisichovuja, na ndicho ninacholala na mume wangu. Nikamlaza kwenye kitanda chetu.

Nikiwa namfuta maji, akaingia yule mwanamke wa ukuta wa pili, amejifunika kichwa kwa mfuko wa salfeti. Jina lake Neema, mtu wa Bukoba. Siku hiyo alibaki nyumbani kwa malaria, na yowe lilimkuta kitandani. Tulisaidiana kumvalisha mzee nguo kavu, kisha akatoka na malaria yake ile ile kwenda kutafuta gari. Nikabaki na mzee peke yetu. Akafumbua macho, akatazama dari, akatazama magauni yangu yaliyotundikwa ukutani, akajua yuko wapi. Akanisemesha mimi, kwa Kikurya, kwa upole, kwamba nimrudishe kwake. Nikamwambia baba, subiri mvua ikatike kidogo. Akasikiliza mvua. Mwishowe akasema basi nimfunike, nikamfunika kwa blanketi letu. Neema aliporudi bila gari, mzee alikuwa ameshakata roho.

Aliniomba jambo moja kubwa katika maisha yake yote, nimrudishe kwake, na sikulifanya. Kwa hiyo mvua ilipokatika nilimwomba Neema tumbebe tumrudishe kibandani. Akaniuliza nimepatwa na wazimu gani, kumtoa marehemu kwenye kitanda kikavu nimpeleke kwenye tope. Nikamwambia kwetu ndivyo ilivyo. Tukatoa maji, tukageuza godoro, tukamlaza na kumfunika shuka yake. Erasto aliporudi alimkuta hapo, na mimi nikanyamaza.

Msibani Mbalibali ulikuwepo, uliwasikia wazee wakisema kwamba Mogesi amekufa katika nyumba yake mwenyewe, ingawa ni ugenini, wakanisifu mbele ya watu kuwa mkwe mwenye adabu. Erasto alilirudia neno hilo hata pale kaburini wakati wa kuzika. Kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba kuna mwiko uliovunjwa wa kutengenezwa na wazee kwa mila, haukutengenezwa. Tangu siku hiyo sijalala kwenye kile kitanda. Nalala kwenye kochi nikisingizia mgongo. Cherehani imenishinda, naharibu nguo za watu, na leo nimebaki hapa nafua kilichokwisha kufuliwa, natoka getini, narudi ndani, natoka tena. Naogopa mama. Naogopa kwa ajili ya watoto, mwiko huo usije ukawarudia, na namwogopa Erasto ambaye hajawahi kunifanya nimwogope.

Na jambo lenyewe halisubiri. Jana Neema alinisimamisha getini kwa furaha, akaniambia amemsimulia mume wake Vincent jinsi nilivyombeba mkwe wangu mpaka kitandani kwangu, na kwamba wanawake wenye moyo kama wangu ni wachache. Kwao hiyo ni sifa. Sikuweza kumkasirikia. Lakini Vincent na Erasto wanakwenda mjini na kurudi kwa Probox moja kila siku, na humo wanazungumza kila kitu, mpira, siasa, mpaka nani kachimba choo kikamshinda. Sitaki mume wangu asimuliwe mambo ya chumba chake na mtu aliyekaa naye kiti kimoja. Leo akirudi nitamwambia mwenyewe, kabla hajavua viatu. Naweka kalamu kwanza.

Alhamisi, asubuhi.

Nimemwambia. Vincent alikuwa bado hajasema neno. Erasto alinisikiliza akiwa amesimama, mkoba uko begani. Nilidhani ataniambia nifunge mizigo. Aliniuliza swali moja tu, kama baba yake alisikia baridi mwishoni. Nikamwambia aliomba nimfunike, nikamfunika. Akatoka akaenda kukaa kibandani, na sikumfuata.

Asubuhi hii, kabla gari halijapiga honi, alisema Jumamosi atakwenda Mbalibali kuwaeleza wazee ili waseme kinachotakiwa kutusafisha, mbuzi au kondoo. Akasema atawaambia kwamba ni yeye aliyeniamuru kwa simu nimwingize baba ndani, kwa hiyo kosa ni lake. Mwanaume huyu hajui kudanganya, mama, hata trafiki wanamwonea huruma. Nimemkatalia. Nimemwambia aliyembeba baba ni mimi, aliyeombwa amrudishe akasema subiri ni mimi, na nitayasema hayo kwa mdomo wangu. Ameondoka bila kunywa chai. Sijui kama amekubali au amekasirika.

Barua hii anakuletea Kisyeri, anayefanya kazi gereji moja na Erasto. Anakuja Tarime leo, mpe hata uji. Nisalimie Simioni na mke wake, uwasalimie wote wanaoniulizia, na Mungu akuweke.

Nakuomba uje Mbalibali Jumamosi, Simioni akulete. Najua na wewe huwezi kukaa karibu na mkweo. Kaa upande wa wanawake, lakini kaa mbele, mahali ambapo nikiinua uso nitakuona.

Ni mimi mwanao,
Gati